Mvua ya Jana Huko Kisii

Anayetaka kushinda siku nzima akitembea kando ya Mto Kuja aanze kwa kupiga simu Kisii. Ampate shemeji, rafiki wa shuleni au dereva wa matatu anayelala Ogembo, amuulize jambo moja: jana jioni mvua ilinyesha huko? Na kama ilinyesha, ilikuwa ya manyunyu au ya radi? Jibu lake lina uzito kuliko anga lolote atakaloliona akifungua dirisha asubuhi mjini Migori.

Sababu ni jinsi mto wenyewe ulivyo. Kuja huzaliwa katika nyanda za juu za Nyamira na Kisii, kwenye vilima vinavyopita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko Wagusii huuita Gucha. Kutoka hapo huteremka karibu kilomita 150, ukavuka kaunti ya Migori, ukapokea Mto Migori, kisha ukaingia Ziwa Victoria, ambalo liko kwenye mita 1,134 hivi. Sehemu kubwa ya mteremko huo huisha mapema. Ukifika Nyatike mto umeshalegea, unajipinda huku na huku kwenye tambarare, na ukizidiwa hauna pa kwenda ila mashambani mwa watu. Mwaka 2020, wakati ziwa lenyewe lilipokuwa limejaa kupita kiasi, familia nyingi za Nyatike zilihama nyumba zao kwa sababu ya maji ya Kuja.

Sasa piga hesabu. Mvua ya radi katika vilima vya Kisii hupenda kuanguka alasiri na jioni. Maji yanayokwenda mita moja kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu asiye na haraka, hukata kilomita 86 kwa siku nzima. Mto uliojaa huenda kasi zaidi ya hapo. Kwa hiyo mvua iliyonyesha Kisii jana saa kumi na moja jioni inaweza kukufikia wewe leo mchana, jua likiwaka, ukiwa umevua viatu na kukaa juu ya jiwe katikati ya mto unakula mandazi. Ni makadirio tu, kwa kuwa kila mto una vizuizi vyake, na ardhi iliyokwisha kulowa huachia maji upesi kuliko ardhi kavu. Lakini yanatosha kukufundisha kuuliza habari za jana kabla ya kuuliza za leo.

Ndiyo maana sishawishiki sana na ushauri wa kawaida wa "nenda wakati wa kiangazi". Kiangazi cha nani? Upande wa ziwa, Januari na Februari huwa kavu kweli, na Julai nako kuna nafuu. Nyanda za Kisii hazifuati kalenda hiyo. Huko mvua hupatikana karibu kila mwezi, ndiyo sababu migomba na chai hustawi. Mtu wa Karungu anaweza kukaa wiki tatu bila tone na bado akaona mto umepanda. Ukilazimika kuchagua, chagua Januari, Februari au mwisho wa Julai, uache kabisa Aprili na Mei, lakini simu ya Kisii piga hata Januari.

Ukishafika mtoni, mto nao husema. Maji yanayopanda hubadilika rangi kabla ya kubadilika kimo: yale ya kahawia hafifu hugeuka mekundu ya udongo wa milimani. Kisha hufuata povu, majani na vijiti, na ukiona mgomba mzima unaelea, ujue kuna shamba huko juu limekatwa na maji. Unapopumzika, chomeka kijiti pale maji yanapoishia. Ukimaliza chai, kitazame. Kikiwa kimesimama ndani ya maji, mazungumzo yameisha. Beba mfuko, panda ukingo.

Kuna kanuni moja ambayo ningeitanguliza mbele ya zote ningelazimishwa kuchagua: tembea upande mmoja wa mto, ule ule ambao boda boda yako itakungojea. Wageni hupenda kuvuka. Ukingo wa pili siku zote una kivuli kizuri zaidi, na pale kwenye kivuko, ambapo ng'ombe wanapita maji yakiwafika magotini, kuvuka huonekana jambo la dakika mbili. Asubuhi ni la dakika mbili. Saa nane mchana, maji ya jana yakishafika, ni la kesho yake. Mwenyeji huvuka kwa sababu ana shangazi upande wa pili wa kumlaza, wewe huna. Ukitaka kuona kingo zote mbili, panga safari kwa daraja, si kwa kivuko, na ujue daraja linalofuata liko wapi kabla hujaondoka.

Safari ya kuanzia, kwa maoni yangu, ni ile ya maporomoko ya Gogo. Usitarajie njia iliyowekewa alama. Hakuna vibao vya rangi wala mabanda ya kupumzikia kama kwenye Mlima Kenya. Njia ni ile iliyotengenezwa na ng'ombe wanaokwenda kunywa, akina mama wanaochota maji, na vijana wanaochimba mchanga. Hupita juu ya ukingo, hushuka mtoni, hupotea ndani ya shamba la mahindi, hutokea tena. Kwa hiyo mwongozaji wa kijijini si anasa. Mtafute siku moja kabla, kupitia mzee wa kijiji au ofisi ya chifu, mkubaliane malipo mapema na kwa uwazi, na umlipe hata kama mvua imewarudisha mkiwa nusu ya njia. Huenda hiyo ndiyo siku aliyokufaa zaidi.

Gogo yenyewe ina historia ndefu kuliko inavyoonekana. Bwawa dogo la umeme lililopo hapo lilijengwa katika miaka ya 1950 ili kuupa nguvu mgodi wa Macalder, uliokuwa ukitoa shaba na dhahabu. Mgodi ule mkubwa ulifungwa katika miaka ya 1960, lakini mitambo ya Gogo iliendelea, na leo iko chini ya KenGen ikiwa na uwezo wa megawati 2. Ni kidogo mno ukilinganisha na Turkwel au Olkaria. Udongo unaosombwa kutoka mashamba ya juu umejaa nyuma ya ukuta wa bwawa, yaani kile kile kinachoyapaka maji rangi nyekundu ndicho kinachoibana mitambo pumzi. Eneo la kituo ni la watu wenye kazi na lina walinzi. Omba ruhusa getini. Usijipenyeze kwa nyuma kutafuta picha, na usisimame chini ya bwawa hata kama miamba ni mikavu na inakaribisha.

Kabla ya umeme kulikuwa na watu. Mwaka 1983 mwanaakiolojia Peter Robertshaw alichimba hapo Gogo na kukuta tabaka juu ya tabaka: vyungu vya wavuvi na wawindaji wa kale wa aina inayoitwa Kansyore, kisha, yapata miaka 2,000 iliyopita, mabaki ya wafugaji waliokuwa na ng'ombe na mbuzi lakini hawakuacha kuwinda wala kuvua. Mtu akikaa pale juu ya mwamba akala samaki wake wa kukaanga, anaendeleza desturi ya mahali. Ila kigae ukikiona kimetokeza kwenye udongo, kiache. Sheria ya Makavazi na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inakataza kuokota vitu hivyo, na kigae kilichotolewa mahali pake hakimwambii mtaalamu lolote tena.

Umbali wa siku moja nashauri upimwe kwa saa, si kwa kilomita. Mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa mwaka 1892 kanuni ambayo watembeaji duniani bado wanaitumia: saa moja kwa kila maili tatu, ambazo ni karibu kilomita tano, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda, yaani mita 600 hivi. Ijaribu kwenye Mlima Homa, karibu na Kendu Bay. Kilele kiko kwenye mita 1,751. Ukianzia ufukweni mwa ziwa unapanda mita 617. Kwa Naismith hiyo ni saa moja na ushei juu ya muda wa kutembea. Lakini Naismith hakutembea na jua la Homa Bay la saa tano. Nyasi za mlima ule humfika mtu kifuani, vivuli ni vya kuhesabu, na mawe yake huteleza. Zidisha jibu lake kwa moja na nusu, ndipo utakuwa karibu na ukweli. Kando ya Kuja, ambako hupandi sana, kinachokula muda ni salamu, vichaka na kutafuta njia. Kilomita mbili na nusu kwa saa ni mwendo wa heshima.

Katika sehemu hii ya Kenya jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kasoro dakika chache, kutegemea mwezi, na huzama saa kumi na mbili na nusu au karibu na saa moja. Mchana una saa kumi na mbili, lakini za kutembea ni chache zaidi. Saa sita hadi saa tisa joto hukunyang'anya nguvu, na kuanzia saa tisa mawingu hujikusanya. Upepo wa ziwa husukuma hewa yenye unyevu kuelekea milimani, nayo hupanda na kugeuka radi. Wakisii wanajua vizuri kuliko mtu yeyote radi inavyoua. Kwa hiyo weka saa ya kugeuka, tuseme saa tano na nusu, na uitii hata kama maporomoko unayasikia kwa masikio na mwongozaji anasema "ni hapo tu". "Hapo tu" ya Nyanza ni kipimo kisichojulikana na sayansi.

Hapo ndipo mpango mzuri hujigonga. Joto linakutaka uondoke alfajiri. Viboko wanakutaka uondoke baadaye. Katika sehemu za chini za Kuja, kuelekea ziwani, viboko hutoka usiku kula majani na hurudi majini kunapokucha, kwa njia zao wenyewe, na kiboko aliyekatiwa njia ya kurudia majini hajui mzaha. Mamba wapo pia, na hao hawana saa. Suluhisho ni kuigawa asubuhi. Saa ya kwanza tembea juu, mbali na ukingo, kwenye barabara ya kijiji ambako watoto wanakwenda shule. Jua likishasimama vizuri, ndipo ushuke mtoni. Mahali ambapo akina mama hawachoti maji, wewe pia usichote.

Tena maji ya mto usiyanywe kabisa, hata ukiyachemsha. Kuchemsha huua vijidudu. Hakuondoi zebaki. Migori ni nchi ya dhahabu, na katika machimbo madogo kama ya Osiri na Mikei wachimbaji hukamata chembe za dhahabu kwa zebaki, kisha maji ya kusafishia hutafuta njia yake ya kuteremka. Beba lita tatu kwa kila mtu kutoka mjini, na paketi mbili za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Maeneo hayo ya machimbo yana hatari nyingine: mashimo ya zamani yaliyoachwa wazi, mdomo umefunikwa na nyasi. Usikate njia ya mkato karibu na Macalder, hata ukiona kilima cha mawe ambacho kingefaa picha. Na wachimbaji usiwapige picha bila kuwauliza. Wengi wanafanya kazi bila leseni, na mgeni mwenye kamera huwafikirisha mengi.

Kichocho nacho kimo katika mahesabu ya saa. Konokono wanaokibeba hukaa kwenye maji yaliyotulia, penye majani, na vijidudu wanavyotoa huwa vingi zaidi jua linapokuwa kali katikati ya mchana, saa ile ile ambayo miguu inalilia maji. Ukivuka au kunawa, tafuta penye mkondo, ujifute upesi, na ukirudi nyumbani umwambie daktari ulikokuwa. Malaria ni ya usiku. Kutembea mchana hakukuongezei sana hatari, lakini kulala Migori au Homa Bay bila neti ili uwahi kuondoka asubuhi kunakuongezea nyingi.

Chakula ni furaha ya safari hii na sitakipitia haraka. Acheni mikate iliyokatwa, inayogeuka unga mfukoni. Nunueni sokoni jioni ya kabla: viazi vitamu vilivyochemshwa, ambavyo Kabondo huvijua kuvilima kuliko mahali pengi Kenya, njugu za kukaanga, ndizi mbivu zilizoshushwa kutoka Kisii. Nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, hushibisha lakini huchacha kukiwa na joto, hivyo iliwe kabla ya saa nne. Samaki wa kukaanga mkavu hudumu hadi mchana. Funga kila kitu kwa kitambaa, si plastiki. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, na mto huu una mizigo ya kutosha.

Adabu za mtoni hazimo kwenye ramani yoyote. Mto ni bafu la watu. Kuna pinda la wanaume na pinda la wanawake, na kuna saa zake, na mwenyeji hakaribii pinda bila kukohoa, kuimba au kupaza sauti. Mwache mwongozaji atangulie apaze yake kwanza, nanyi msimame mpaka ajibiwe. Njia ikipita katikati ya boma la mtu, msiizunguke kwa aibu kupitia shambani, piteni, msalimu. "Oyawore" ya Kijaluo asubuhi inatosha kufungua mlango, kisha Kiswahili kinaendelea. Mzee akikuuliza unatoka wapi na unatafuta nini, usiseme "natembea tu". Mtu mzima anayetembea tu, bila ng'ombe, bila mgonjwa wa kumjulia hali na bila msiba, ana jambo analolificha. Sema: "Mzee, nimekuja kuuona mto mpaka Gogo, na huyu kijana wenu ananionyesha njia." Hapo ataanza yeye mwenyewe kukupa habari za maji, na habari hizo ni bora kuliko za simu.

Kuna watakaouliza juu ya Bonde la Lambwe, maana kwenye ramani Mto Olambwe unaonekana mzuri kuufuata, umebanwa kati ya vilima vya Gwassi na genge la Kanyamwa. Ni mzuri kweli, lakini huwezi kuufuata upendavyo. Sehemu kubwa ya bonde ni Hifadhi ya Taifa ya Ruma, kilomita za mraba 120, iliyoanza kuhifadhiwa mwaka 1966 hasa kwa ajili ya korongo, swala mkubwa ambaye nchini Kenya amebaki hapo peke yake, na idadi yake ni ya kutia huruma. Kuna nyati, kuna vifaru waliorudishwa. Ndani hutembei kwa miguu bila askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na ruhusa yake, na mipango hiyo hufanywa siku kadhaa mapema. Mbung'o waliolinda bonde hili dhidi ya jembe kwa miaka mingi walileta malale. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeumaliza ugonjwa huo kama tatizo la afya ya umma. Mbung'o wenyewe hawajapata taarifa, na huuma kupitia shati jembamba. Vaa nguo nzito za rangi ya udongo. Buluu na nyeusi huwavuta.

Sasa tuseme umepiga simu na shemeji akajibu: "Jana? Tumelala na radi mpaka usiku wa manane." Usiende mtoni, na usimvunje moyo mwongozaji wako kwa kuahirisha siku nzima. Nendeni Thimlich Ohinga. Iko kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, juu ya kilima, na ilitiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Kuta zake zilijengwa, yaelekea katika karne ya 16, kwa mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, mahali pengine zikifika mita 4.5 kwa kimo, na milango ni mifupi kiasi cha kumlazimisha anayeingia ainame. Inameni nanyi, zungukeni boma moja baada ya jingine polepole, lakini msipande juu ya ukuta. Kwa magari, mkiondoka mjini saa moja asubuhi mtakuwa mmemaliza kabla ya joto. Kabla ya kuondoka muulizeni dereva hali ya barabara ya udongo, kwa sababu mvua ikishanyesha upande huo, boda boda zitapita na magari madogo yatabaki yakisukumwa.